Tochi Ndogo kwa Nyumba Yenye Mgonjwa

Ugonjwa haungoji kukuche. Homa ya mtoto hupanda usiku, uchungu wa kuzaa humshika mama usiku, na mwenye kuhara huamka mara nyingi kwenda chooni. Kwa hiyo kila nyumba inahitaji mwanga mzuri karibu na kitanda. Taa ya petroli hutoa moshi, na mtoto akiiangusha inaweza kuunguza watu na nyumba. Mshumaa ukiwa karibu na chandarua ni hatari vilevile. Tochi ndogo ya mawe, yaani betri, ni salama zaidi. Lakini si kila tochi inafaa kwa kazi hii.

MWANGA WA MBALI NA MWANGA MPANA

Mtu akienda kununua tochi, mara nyingi huielekeza kwenye mti ulio mbali. Mwanga ukifika mtini, anasema, "Hii ni kali," naye analipa. Tochi ya namna hiyo inamfaa mlinzi wa usiku. Nyumbani kwa mgonjwa haifai sana, kwa sababu inatupa doa dogo jeupe katikati na kuacha giza pande zote. Macho yakizoea doa lile kali, vitu vya kando havionekani tena.

Fikiri juu ya mama anayempimia mtoto dawa ya maji. Inampasa kuona maandiko ya chupa, kijiko na kinywa cha mtoto kwa mara moja. Kama mwanga unaangaza chupa tu, dawa itamwagika, au kipimo kitapita kiasi.

Fikiri tena juu ya njia ya chooni. Nyoka aitwaye kifutu hulala kimya, naye hakimbii anaposikia hatua za mtu. Watu wengi huumwa na nyoka miguuni. Doa la mwanga likiwa hatua 10 mbele yako, miguu yako inatembea gizani. Mwanga mpana unaonyesha njia pamoja na majani ya kando. Hata hivyo, vaa viatu.

NAMNA YA KUCHAGUA

1. Jaribu kwa ukuta, si kwa mti. Omba ruhusa uingie mahali penye giza dukani. Simama hatua moja mbele ya ukuta mweupe, uwashe tochi. Tochi nzuri inaonyesha duara kubwa, ambalo mwanga wake unapungua polepole kuelekea pembeni. Ukiona pete nyeusi, au doa kali katikati, chagua nyingine.

2. Tazama ndani ya kioo. Kikombe kinachong'aa, kikiwa laini kabisa na chenye kina, kwa kawaida hutupa mwanga mbali. Kikiwa na vijinundu kama ganda la chungwa, hutawanya mwanga vizuri zaidi. Kioo cheupe kama maziwa pia husaidia.

3. Angalia rangi. Mulika kiganja chako. Mwanga wenye rangi ya buluu hubadilisha rangi ya ngozi. Mganga akikuambia utazame kama macho ya mtoto mchanga yamekuwa ya manjano, usitegemee tochi. Mtazame mchana, karibu na dirisha.

4. Usitafute nguvu nyingi. Kwa kazi za chumbani mwanga wa kiasi unatosha, nao hautamaliza mawe upesi. Taa za LED hutumia umeme kidogo kuliko balbu za zamani zenye uzi ndani.

5. Nunua tochi ambayo mawe yake hupatikana sokoni kwenu. Tochi nzuri isiyo na mawe haina faida.

Kama tayari una tochi ya doa kali, usiitupe. Ielekeze kwenye ukuta mweupe, nao ukuta utarudisha mwanga laini chumbani mwote. Au, ikiwa ni ya LED isiyopata joto, funika kioo kwa karatasi nyembamba nyeupe. Taa ya simu nayo ina mwanga mpana, lakini usimalize moto wa simu ambayo utaihitaji kumwita mganga.

HATARI KWA WATOTO

Tochi nyingine ndogo sana zina mawe bapa yanayofanana na kifungo cha shati. Mtoto akimeza jiwe hilo na likakwama kooni, linaweza kuunguza nyama ya ndani vibaya kwa muda wa saa 2 tu. Pengine hakuna mtu aliyemwona akimeza. Anatoa mate mengi, anakataa chakula, anakohoa, au anashika kifua. Usimtapishe. Usingoje litoke kwa choo. Mpeleke hospitalini saa ileile, hata kama ni usiku, na uchukue tochi ile ili mganga aone aina ya jiwe. Ni afadhali kununua tochi yenye mawe makubwa, au ambayo mlango wa mawe umefungwa kwa skurubu.

KUITUNZA

Usichanganye mawe mapya na ya zamani. Kama hutatumia tochi siku nyingi, toa mawe, kwa maana hutoa maji yanayoharibu chuma na kuunguza ngozi. Usiyatupe motoni, yanaweza kupasuka. Watu wengine huyavunja wapate unga mweusi wa kupaka ubao wa shule. Unga huo si kitu cha kuchezewa na watoto.

Usimulike macho ya mgonjwa. Akimulikwa machoni, atakaa muda mrefu kabla ya kuona tena vizuri gizani, naye anaweza kuanguka akisimama. Mulika sakafu au ukuta.

Jioni ya leo jaribu tochi yako kwa ukuta wa nyumba. Kisha itundike kwa kamba karibu na kitanda, mahali ambapo mkono wa mtu mzima unaifikia gizani, na mkono wa mtoto hauifikii.