“Tufaha la Jicho” Maana Yake Nini?



Mseminari anayesoma Biblia kwa Kiingereza hukutana na msemo unaomsimamisha: “the apple of the eye”. Neno kwa neno ni “tufaha la jicho”. Tufaha analijua, huletwa sokoni kutoka Lushoto. Jicho analijua pia. Lakini akiyaunganisha hayo mawili, hapati kitu. Afanyeje?

Kwanza akumbuke kwamba nasi tunayo misemo ya namna hiyo. Mgeni akisikia hapa Tanga kuwa bibi fulani amekula chumvi nyingi, akalifasiri neno kwa neno, atashauri bibi apelekwe Bombo akapimwe shinikizo la damu. Sisi tunaelewa kwamba bibi ameishi miaka mingi. Maana ya msemo haipatikani kwa kujumlisha maneno yake.

Pili, afungue kamusi. Kamusi ya Kiingereza cha leo itamwambia kuwa ni mtu apendwaye kuliko wengine, kama baba anavyomsema kitinda mimba wake. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Akilipeleka hivyo mimbarini, waamini watadhani Mungu ana watoto wa kudekezwa.

Kwa hiyo, tatu, asome maneno yanayouzunguka msemo. Katika Kumbukumbu la Torati 32:10, Israeli yuko jangwani, na Mungu anamzunguka na kumtunza. Katika Zaburi 17:8, mwenye kusali amezingirwa na adui, anaomba kufichwa chini ya mbawa. Katika Zekaria 2:8, taifa limetekwa nyara, na Mungu anawaonya walioligusa. Mahali pote patatu pana hatari, na pana anayelinda. Basi msemo huu hausemi juu ya kupendwa tu, unasema juu ya kulindwa.

Nne, aulize msemo umetoka wapi. Katika Kiingereza cha kale, neno la tufaha lilitumika pia kwa ile sehemu nyeusi ya katikati ya jicho, kwa kuwa watu waliidhania kuwa kitu cha mviringo kama tunda. Matumizi hayo yamo katika tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Papa Gregori Mkuu juu ya uchungaji, iliyofanywa na mfalme Alfred katika karne ya 9. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikauendeleza msemo huo. Kiebrania chenyewe hakina tufaha. Neno lake, “ishon”, huelezwa kuwa ni “mtu mdogo”, kwa sababu ukimtazama mtu kwa karibu unaiona sura yako ndogo ndani ya jicho lake. Kilatini kinasema “pupilla”, yaani kisichana, na neno hilohilo liliitwa pia msichana yatima aliye chini ya mlezi.

Mwisho, aulize Kiswahili kinasemaje. Hapa ndipo penye furaha, maana Biblia yetu imeandika “mboni ya jicho”, na hakuna mtu wa pwani anayehitaji kufafanuliwa. Aliyepita katika mashamba ya mkonge ya Muheza anaujua mwiba ulio kwenye ncha ya jani. Likikukaribia usoni, kope hufumba kabla hujafikiri. Hivyo ndivyo Mungu anavyowalinda walio wake. Kwa karne nyingi mapadre na watawa walisali maneno ya zaburi hiyo kwa Kilatini katika Sala ya Usiku, wakiomba walindwe hivyo gizani.

Ndugu mseminari, usiione lugha yako kuwa ngazi ya kupandia Kiingereza tu. Mara nyingine Kiswahili ndicho kinachokufungulia Kiingereza.

Nawe mwamini wa parokiani, msemo huu una neno kwako. Zekaria anasema anayewagusa watu wa Mungu anaigusa mboni ya jicho lake. Basi tujihoji tunavyomtendea yatima tuliyeachiwa na ndugu, msichana wa kazi nyumbani, mzee asiye na wa kumsemea. Tukimuumiza huyo, tumetia kidole jichoni mwa Mungu.