Kisanduku cha Mazingaombwe Hufia Njiani

Mtoto wa darasa la pili, aliyekaa chini mstari wa mbele kabisa, ndiye aliyekiona kwanza. "Anko, kitambaa kinachungulia!" Nilikuwa nimekwisha kuwaonyesha wanafunzi kwamba kisanduku changu ni kitupu, na leso nyekundu zilizofichwa ndani hazikupaswa kuonekana na yeyote mpaka nizitoe kwa mkono wangu. Lakini alfajiri ile kisanduku kilikuwa kimesafiri saa nne kwenye buti la basi, barabara ya vumbi, juu yake limelazwa gunia la mahindi. Misumari ya ubao wa nyuma ililegea, kioo cha ndani kikateleza, ukaachwa mwanya wa upana wa kidole. Ncha ya leso ikatokea hapo.

Mtoto yule alikuwa ametazama vizuri. Kosa lilikuwa la fundi, na fundi nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo kila kifaa cha mazingaombwe ninachokitengeneza nakipima kwanza kwa safari, ndipo nakipima kwa jukwaa. Onyesho huchukua dakika chache. Njia huchukua saa nyingi, na huko ndiko vifaa vingi hufia.

Vijana wengi wanaoingia kwenye sanaa hii hutumia nguvu zao zote kusaka siri. Siri zenyewe ni chache, na nyingi zimekwisha andikwa. Kilicho adimu ni kifaa kinachoweza kuitunza siri hiyo katika onyesho la hamsini kama kilivyoitunza katika la kwanza. Jean-Eugène Robert-Houdin, Mfaransa aliyezaliwa Blois mwaka 1805 na ambaye wengi humwita baba wa mazingaombwe ya kisasa, alikuwa fundi saa kabla ya kufungua ukumbi wake mjini Paris mwaka 1845. Mkono uliozoea magurudumu madogo ya saa ndio uliounda vifaa vyake. Ufundi ulitangulia, sifa zikafuata.

Leo nitaeleza kifaa kimoja tu, kisanduku cha kioo. Ukiweza kukijenga hiki kikadumu, vingine havitakusumbua sana.

Jicho linavyodanganyika

Chukua kisanduku chenye nafasi ya ndani ya sentimita 30 kila upande, mbele kina mlango, juu kina kifuniko. Ndani yake kioo hulazwa mshazari kwa pembe ya nyuzi 45. Ukingo wake wa juu uko mbele, juu ya mlango. Ukingo wa chini unagusa sakafu nyuma kabisa. Uso unaong'aa unatazama chini. Mtazamaji akichungulia mlangoni anaona sakafu, na kwenye kioo anaiona sakafu ileile imesimama wima kama ukuta wa nyuma. Kuta za pembeni nazo hujikamilisha zenyewe kwenye kioo. Akili inahesabu sakafu, kuta mbili na mgongo, inaona kisanduku kizima, inaridhika. Kumbe nusu ya nafasi iko nyuma ya kioo, na humo ndimo zilimolala leso na maua ya karatasi. Mlango hufungwa, kifuniko cha juu hufunguliwa, na vitu huanza kutoka mahali palipoonekana patupu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1865 jijini London, Thomas William Tobin na John Henry Pepper wa Royal Polytechnic Institution walionyesha kabati la Proteus, ambamo watu waliingia na kutoweka nyuma ya vioo viwili. Oktoba mwaka huohuo, katika ukumbi wa Egyptian Hall, mwanamazingaombwe Stodare alionyesha kichwa cha Sphinx kikizungumza juu ya meza ya miguu mitatu. Mwenye kichwa alikuwa amejificha chini ya meza, nyuma ya vioo vilivyoakisi mapazia ya pembeni. Mwaka 1876 Angelo Lewis, wakili aliyeandika kwa jina la Professor Hoffmann, alichapisha kitabu cha Modern Magic kilichoeleza kwa kina mbinu na vifaa vya wanamazingaombwe. Kwa hiyo sivunji kiapo cha mtu yeyote hapa.

Nawakumbuka hasa watazamaji wa Paris. Onyesho la namna hiyo lilipowekwa kwenye jumba la sanamu za nta, wageni walifinyanga vidonge vya karatasi wakavirusha chini ya meza, navyo vikagonga kioo na kuanguka. Watazamaji wa kila mahali ndivyo walivyo, na kifaa chako lazima kijiandae kwa macho ya namna hiyo.

Mbao na maungo

Mbao nzima hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kila unyevu wa hewa unapobadilika. Kisanduku kilichotengenezwa Dodoma wakati wa kiangazi, kikipelekwa Tanga au Mombasa wakati wa masika, mlango wake utakwama. Kwa sababu hiyo kuta zangu zote ni za plaiwudi. Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizogandishwa huku nyuzi zake zikipishana, kila tabaka ikiizuia jirani yake isitanuke. Kwa kisanduku hiki unene wa milimita 9 unatosha kwa kuta, na milimita 12 kwa sakafu. Ubao mzima wa futi 4 kwa 8 utakupa kuta za visanduku vinne na vipande vya akiba. Kama huna fedha ya ubao mzima, nenda kwa mafundi wa makabati. Mabaki yao yanafaa kabisa.

Epuka chipubodi hata ikiwa ya bei rahisi. Skrubu haishiki sawasawa ndani yake, na ikinyeshewa mara moja huvimba na hairudi ilivyokuwa.

Kwenye maungo, usitegemee msumari peke yake. Msumari hushikwa na msuguano wa nyuzi za mbao tu, na mtikisiko wa barabara huuchomoa kidogo kidogo. Ndicho kilichonipata mimi. Skrubu ina meno yanayong'ata, lakini ukiizamisha kwenye ukingo wa plaiwudi huupasua. Dawa yake ni kijiti cha kona: kipande cha mninga au mkongo chenye upana wa sentimita 2, kimelazwa ndani ya pembe. Paka gundi ya mbao, toboa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko skrubu, kisha kaza kutoka nje, ili skrubu ipite kwenye uso wa plaiwudi na kuzama ndani ya kijiti. Gundi hushika pembe nzima, skrubu huibana gundi mpaka ikauke, na kijiti hubeba mzigo. Vijiti vingine vitafichwa na kioo. Vile vya sakafuni vitaakisiwa na kuonekana kama vijiti vya ukuta wa nyuma, na hakuna atakayevishangaa.

Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona hadi kona, mshazari mmoja kisha wa pili. Vipimo viwili vikilingana, pembe zako ni sawa. Kwa upande wa sentimita 30, kila mshazari uwe sentimita 42.4. Shika namba hiyo, maana ndiyo nafasi ya kioo chako. Kisanduku kikipinda pembe kwa milimita tatu tu, kioo hakitakaa, na ukuta wa uongo utaonekana umeinama.

Kioo chenyewe

Mwambie fundi vioo akukatie kipande cha upana unaopungua kidogo sentimita 30, na urefu wa sentimita 42, ili ibaki nafasi ya mpira. Kioo cha kawaida cha milimita 3 chenye ukubwa huo kina uzito wa karibu kilo moja. Cha akriliki hakifiki nusu kilo na hakivunjiki ovyo, lakini hukwaruzika upesi na hupinda kwenye joto. Ukikitumia, kipe mgongo wa plaiwudi nyembamba. Ukichagua cha kawaida, bandika gundi tepu pana mgongoni pote, ili kikivunjika vipande vishikane visimkate mtu.

Kioo hakitakiwi kugusa mbao moja kwa moja. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe vipande virefu, vikunje kwenye kingo za kioo, ndipo ukibane kati ya vijiti viwili kila upande. Mpira humeza mtikisiko na kuzuia mlio. Kama utaongeza silikoni, inuse kwanza: ile yenye harufu ya siki hula rangi ya mgongo wa kioo, na baada ya miezi utaona madoa. Ukanda wa pwani una adui mwingine, chumvi na unyevu, ambavyo huanzia ukingoni na kuleta weusi unaotambaa kuelekea katikati. Paka kingo zote vanishi kabla ya kufunga kioo, na tumia skrubu za shaba au zilizopakwa zinki.

Kioo hiki hutazama chini, na hiyo ni bahati, kwa kuwa vumbi halitui juu ya uso wake. Alama za vidole ndizo adui. Jicho likishapata alama moja ya kidole ikielea hewani, limekipata kioo. Kifute kwa kitambaa laini kabla ya kila onyesho.

Rangi na kimo cha macho

Sakafu ya kisanduku hiki huonekana mara mbili, kwanza ikiwa sakafu, kisha ikiwa ukuta. Mkwaruzo mmoja huwa miwili, na inayofanana, jambo ambalo mtoto makini atalitambua. Piga msasa namba 120, kisha 240, paka praima, halafu rangi isiyong'aa mikono miwili au mitatu myembamba. Rangi inayong'aa hurudisha mwanga wa jua machoni na kuonyesha kila kovu. Usichore maandishi sakafuni, yatasomeka kinyume. Chora mstari mweusi kwenye kila pembe ya ndani. Mstari huo hufunika kile kiunganisho chembamba ambapo kioo kinakutana na sakafu.

Kisha fanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Weka kisanduku mezani, fungua mlango, halafu kaa chini ardhini kama wanafunzi wanavyokaa. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, kisanduku kikiwa kwenye meza ya mwalimu, niliona nyasi ndani yake. Anayetazama kutoka chini kwenda juu haoni dari. Kioo humwonyesha kilichopo nje, mbele ya meza. Ukitazama kwa usawa au kutoka juu, kila kitu kiko shwari. Basi kwa watoto wanaokaa chini tumia meza ya kimo cha goti, warudishe nyuma hatua chache, na juu ya mlango ongeza ubao mwembamba unaoshuka sentimita 4 au 5. Ubao huo unauficha pia ukingo wa kioo.

Kujiandaa na safari

Kifaa kikikamilika, kitikise karibu na sikio. Kikigonga, kuna kitu hakijakaa, na mlio huo jukwaani ni siri inayosema. Fungua na ufunge mlango mara mia moja. Bawaba ikilegea mkononi mwako leo, ni nafuu kuliko ikilegea mbele ya watu kesho.

Tengeneza pia sanduku la pili, la safari, lililotandikwa vipande vya godoro la sponji pande zote sita. Siku hizi sikubali kifaa kisafiri bila nguo yake. Ndani ya mfuniko wa sanduku hilo nafunga bisibisi moja, skrubu sita za akiba, bawaba moja, gundi tepu na kitambaa cha kufutia. Skrubu zote za kisanduku ni za kipimo kimoja, hivyo bisibisi ile moja inafungua kila kitu. Kifaa kinachodumu ni kile kinachoweza kurekebishwa uani mwa shule ndani ya dakika kumi.

Ninayasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu naona vijana wenye vipaji wakidharauliwa kwa ajili ya maboksi yaliyobandikwa kwa gundi ya karatasi. Mtoto aliyelipia kiingilio kwa hela yake ya maandazi anastahili mshangao uliotengenezwa vizuri. Na mtu mzima anayedhani mazingaombwe ni uchawi hujifunza mengi akiambiwa, baada ya onyesho, kwamba alichokiona ni kazi ya msumeno, skwea na subira.

Kwa hiyo msomaji unayetaka kuanza, acha kwanza maneno ya jukwaani. Tafuta plaiwudi, pima mishazari miwili mpaka ilingane, kaa chini uangalie kwa macho ya mtoto. Ukimaliza, kipakie kisanduku chako kwenye basi la njia ya vumbi, kiende na kurudi. Kikirudi kimya, kipeleke jukwaani.