Je, Wajua? Kolembola, Warukaji wa Udongoni

Chota konzi ya mboji yenye unyevu, itandaze juu ya karatasi nyeupe, kisha tazama kwa makini. Vijidudu vinavyorukaruka, vingi vikiwa vidogo kama punje ya ulezi, huenda ni kolembola. Je, wajua kwamba:

• Kolembola wana miguu sita, lakini wataalamu wengi siku hizi hawawahesabu kuwa wadudu halisi? Tofauti moja ni kwamba sehemu za kinywa chao zimefichika ndani ya kichwa.

• Kolembola hana mabawa? Chini ya tumbo amekunja kiungo chenye panda mbili, kilichozuiwa na kijikulabu. Akishtuka, kiungo hicho hufyatuka, hupiga ardhi na kumrusha mbali na adui.

• Kina cha makao hubadili umbo? Wa juu, kwenye majani makavu, ana macho, rangi na kiungo kirefu cha kurukia. Wa chini gizani ni mweupe, mara nyingi hana macho, na kiungo chake ni kifupi au hakipo kabisa.

• Mita moja ya mraba ya udongo wenye uhai yaweza kuwa na makumi ya maelfu yao?

• Wengi hupumua kupitia ngozi, hivyo ukame huwaua upesi? Tumboni wana mrija wa kunyonyea maji.

• Harufu tamu ya ardhi mvua inyeshapo huwaita? Hutolewa na bakteria wa jamii ya Streptomyces. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kuwa kolembola huifuata, huwala bakteria hao, kisha husambaza spora zao.

• Kolembola aitwaye Folsomia candida huzaa bila dume? Maabara humtumia kupima sumu kwenye udongo.

• Kisukuku chao kutoka Rhynie, Uskoti, kina umri wa takriban miaka milioni 400?

• Kwa kula kuvu na mabaki ya mimea, husaidia kurudisha virutubisho kwenye udongo?

Mkulima, usichome majani makavu shambani. Yatandaze yahifadhi unyevu, na punguza dawa za sumu. Udongo usio na wakazi hawa umepoteza wafanyakazi wasiodai ujira.