Dereva anayesinzia akiwa na mzigo wako

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, tukishapokea hela ya oda tunauliza mzigo umefika wapi. Aliyeubeba amelala saa ngapi jana, hatuulizi.

Mimi natuma mizigo Kibaha na Kisarawe kila wiki, kwa kirikuu na bodaboda. Zote zipo Pwani, ila Kibaha unapita Barabara ya Morogoro, Kisarawe unapitia Pugu. Ukimpa dereva mmoja zote siku moja, na Kariakoo kaingia alfajiri, jioni yuko hoi. Aliyeamka saa 11 alfajiri, ikifika saa 4 usiku ameshakaa macho saa 17, na watafiti wamepima: mtu wa hivyo anaendesha kama aliyekunywa pombe.

Akisinzia sekunde 4 tu kwenye spidi 80, gari limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe. Na Barabara ya Morogoro ndo hiyo ya malori. Tangu Oktoba 2023 mabasi nayo yameruhusiwa tena kutembea usiku, kwa hiyo usimwambie "nenda usiku, njia nyeupe".

Kufungua dirisha, muziki mkubwa, kunawa uso: anachangamka dakika chache, usingizi unarudi. Dawa ya usingizi ni kulala. Apaki sehemu salama, sheli au stendi, sio pembeni ya lami. Anywe kahawa kikombe kimoja, hapohapo alale dakika 15 hadi 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo akiamka ndo inaanza kumshika. Akipitiliza saa nzima ataamka mzito. Wa boda naye ashuke kabisa, apumzike kijiweni. Na kama anatumia dawa za mafua aulize duka la dawa, nyingine zinaleta usingizi.

Upande wetu sasa, maana haraka nyingi tunazianzisha sisi. Oda iliyoingia baada ya saa 9 alasiri usiiahidi "leo leo". Mimi Kibaha ni Jumanne na Ijumaa, Kisarawe Jumatano, wateja wameshazoea. Mzigo unatoka saa 2 asubuhi ili saa 8 mchana uwe umeshafika, kwa sababu kuanzia hapo hadi saa 10 mwili unalegea, hata wa ambaye hajala.

Dereva wangu akipaki ananitumia meseji, "nalala dk 20". Mteja namjulisha mimi, sio yeye. Hakuna aliyewahi kughairi oda kwa hilo.