Je, Wajua? Wachezaji Weusi na Heshima Iliyochelewa

Je, wajua kwamba enzi za Wabelgiji, hata mpira wa miguu ulichezwa kwa kutenganisha rangi? Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Wazungu walikuwa na ligi yao na Weusi yao. Chama cha soka cha Wakongomani kilianzishwa 1919 na padri Raphaël de la Kéthulle, yule Tata Raphaël ambaye jina lake limebaki kwenye uwanja ambapo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974.

Na Léon Mokuna, wamjua? Mwaka 1954, miaka 6 kabla ya uhuru, alijiunga na Sporting ya Lisbon, akawa Mkongomani wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya. Mwaka 1957 akahamia Gent. Mtu aliyebaguliwa viwanjani kwao akashangiliwa na Wabelgiji huko Ubelgiji! Alifariki 2020. Vijana tele wa Baraka, mji wetu huku Fizi, mashariki mwa Kongo, wanavaa jezi za timu za Ulaya bila kuwahi kulisikia jina lake, na hilo linaniuma.

Je, wajua kwamba Marekani nayo ilikuwa na ligi za Weusi za besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo? Josh Gibson, bingwa wa kupiga, alifariki Januari 1947. Haikutimia miezi 3, Mweusi mwenzake Jackie Robinson akaruhusiwa kuingia ligi kuu, iliyokuwa ya Wazungu tu.

Mwaka 2024 ndipo takwimu za ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilipoingizwa kwenye rekodi za ligi kuu. Wastani wa Gibson wa kupiga ukaonekana: .372, juu ya Ty Cobb, Mzungu aliyeshika nafasi ya kwanza kwa miongo mingi.

Takwimu hizo zilipatikana wapi? Watafiti walipekua magazeti ya Weusi, kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Humo mlikuwa na vijedwali vya maandishi madogo: jina, mara alizopiga, mara alizofaulu.

Sisi wa Fizi tuna nini? Vita vya 1964 na 1996 vilipita hapa. Waliovuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, Tanzania, hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, walibeba watoto na masufuria. Nani angekumbuka daftari la timu? Kama kwenu yupo mzee aliyewahi kuchezea timu ya Baraka, kaa naye leo hii, uandike: timu, mwaka, matokeo, nani alifunga.

Ila kuandikwa tu hakutoshi. Mtazame Ndaye Mulamba: alifunga mabao 9 Kombe la Afrika la 1974, Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ikabeba kombe. Mwaka huohuo, Kombe la Dunia, Zaire ilipocheza na Yugoslavia, mwamuzi alimtoa yeye kwa kosa la mwenzake Mwepu Ilunga. Namba 13 akaadhibiwa kwa kosa la namba 2!

CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilimtunuku Ndaye 1994, miaka 20 baadaye. Aliporudi nyumbani, majambazi waliodhani amerudi na pesa wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, kwa habari za uongo kwamba amekufa. Kumbe yu hai Cape Town, analinda magari ya watu.

Alifariki Johannesburg Januari 2019. Rekodi yake ya mabao 9 katika mashindano mamoja haijavunjwa.