Magongo kwa Mama Aliyevunjika Mguu

Mama uliyefungwa hogo, kabla hujachagua cha kutembelea, muulize daktari: mguu huu niukanyagie au la? Ukikatazwa kabisa, mkongojo mmoja hautoshi. Unahitaji magongo mawili. Fremu ya miguu minne ni imara kwenye sakafu, lakini katika tope la masika la Katavi itakusumbua.

Seremala wa Mpanda anaweza kukuchongea magongo. Mninga ni mti imara, ila mwambie asiyafanye mazito. Yapimwe umesimama na viatu vyako vya kila siku: juu yabaki vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono ulionyooshwa chini. Uzito ubebwe na viganja. Ukiegemea kwapa, mishipa ya fahamu huumia na mkono hufa ganzi. Chini yavishwe mpira. Bila hivyo huteleza.

Baadaye, ukifikia mkongojo mmoja, ushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hufanya kinyume.

Na choo cha shimo? Kuchuchumaa kwa magongo ni hatari. Mwombe baba watoto akutengenezee kiti kilichotobolewa katikati. Ndoo ya maji ataibeba wifi.