Hukumu na hekima: ndugu wa mzizi mmoja waliotengana njiani

Mtu akisema mjini Bukavu ao Goma kwamba jirani yake « amehukumiwa », wengi hawangoji habari iendelee. Wanajua tayari: ameenda gereza. Lakini neno hilo halikuzaliwa na sura hiyo.

Hukumu, hakimu, mahakama na hekima ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia katika Kiswahili, na yote yanatoka katika mzizi wa herufi tatu: h, k, m. Herufi hizo zinashika wazo. Irabu na viambishi vinalipa sura.

Wazo la mwanzo ni lipi? Ibn Faris, mtaalamu wa lugha aliyefariki mwaka 1004, aliandika katika kamusi yake kwamba asili ni moja tu: kuzuia. Mfano wake ni mnyama wa kupandwa. Kwa Waarabu, hakama ni sehemu ya hatamu inayobana taya la farasi asimkimbize mwenye kumpanda. Basi hukumu inamzuia mtu asidhulumu, na hekima inamzuia asifanye ya ujinga. Hakimu na mzee mwenye busara, kwa hesabu hiyo, wanafanya kazi moja!

Matawi yake ni mengi. Kwa Kiarabu cha leo serikali ni hukuma, na refa wa mpira ni hakam. Waturuki wanamwita daktari hekim. Mwaka 657, baada ya vita vya Siffin, Ali na Muawiya walikubali kuweka waamuzi wawili. Kundi moja likajitenga, likisema hukumu ni ya Mungu peke yake.

Kwetu Congo, hekima imebaki kwa wazee na makanisani, hukumu imebebwa na gereza. Hapo ndipo kuna hatari. Kifaransa cha tribinali kinatenga jugement na condamnation. Kiswahili cha redio mara nyingi kinayaita yote hukumu. Kumbe kesi inaweza kuisha kwa mtu kuachiliwa huru, na kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka uamuzi wa mwisho.

Mwandishi wa habari ana maneno ya kutosha: « mahakama imetoa uamuzi », « amekutwa na hatia », « ameachiliwa ». Jirani atakaporudi nyumbani, mtaa utakuwa umesikia ipi kati ya hizo tatu?